Mama wa Bwana Wangu: Maana ya Ibada ya Wakatoliki kwa Bikira Maria

Tumsifu Yesu Kristo.

Waheshimiwa mapadre, watawa wapendwa, makatekista, ndugu zangu waamini, na ninyi wageni wetu wa madhehebu na dini nyingine mliokubali kuja kutusikiliza: nimeombwa kuzungumza juu ya maana ya ibada ya Wakatoliki kwa Bikira Maria, na nimeipokea kazi hii kwa furaha, kwa sababu ni jambo nililoanza kuliishi kabla sijaanza kulifundisha. Wengi wetu tulifundishwa Salamu Maria kabla hatujajua kusoma, na huenda ndiyo maana ni wachache kati yetu waliowahi kutulia na kujiuliza tunaposali sala hiyo tunasema nini hasa, tunamwambia nani, na kwa msingi gani.

Swali tunaloulizwa mara nyingi zaidi ni kama tunamwabudu Maria. Jibu ni hapana, na jibu hilo halikutungwa jana ili kujitetea mbele ya Waprotestanti. Katika karne ya nne Epifani, askofu wa Salamina katika kisiwa cha Kipro, alipata habari za kikundi cha wanawake waliokuwa wakimtolea Maria mikate kama sadaka, akaandika kwa ukali kwamba Maria apewe heshima, lakini waabudiwe Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, na mtu yeyote asimwabudu Maria. Katika karne hiyohiyo Mtakatifu Ambrosi wa Milano aliandika kwamba Maria alikuwa hekalu la Mungu, hakuwa Mungu wa hekalu. Tangu hapo walimu wa Kanisa wametofautisha bila kuyumba: kuabudu ni haki ya Mungu peke yake, watakatifu tunawapa heshima, na Maria tunampa heshima ya pekee, iliyo juu ya ile ya watakatifu wengine wote, lakini ambayo bado ni heshima inayotolewa kwa kiumbe.

Jibu hilo ni la kweli, ila halitoshi. Linatuambia ibada hii si nini, nalo linatuacha bila kujua ni nini. Jambo ninalotaka kulisema leo ni kwamba Kanisa halikuanza kumtukuza Maria kwa sababu lilichoka kumtazama Kristo. Lilianza kumtukuza kwa sababu lilimtazama Kristo kwa makini, na kila mara lilipolazimika kueleza Kristo ni nani, lilijikuta haliwezi kumaliza maelezo hayo bila kumtaja mama yake.

Tukumbuke yaliyotokea Efeso. Mwaka 428 Nestori alifanywa askofu wa Konstantinopoli, na haukupita muda mrefu kabla ya mahubiri kuanza kusikika mjini humo kwamba haifai kumwita Maria Mama wa Mungu, kwamba yatosha kumwita Mama wa Kristo. Ukiisikiliza hoja hiyo kwa haraka, utaona ina mantiki: Mungu hana mwanzo, atakuwaje na mama? Lakini Sirili, askofu wa Aleksandria, aliiona hatari iliyojificha chini yake. Kama aliyezaliwa na Maria si Mungu mwenyewe aliyefanyika mtu, bali ni mtu aliyeungana na Mungu kwa ukaribu wa namna fulani, basi aliyesulubiwa naye ni mtu huyo tu, na wokovu wetu umetundikwa juu ya mtu huyo tu. Mama hazai mwili mtupu. Humzaa mtu mwenye jina, na Nafsi aliyezaliwa na Maria kwa ubinadamu wake ndiye Mwana wa milele wa Baba. Maaskofu walikutana Efeso tarehe 22 Juni 431 katika kanisa lililoitwa kwa jina la Maria. Sirili aliwaandikia waamini wake kwamba watu wa mji walingoja tangu asubuhi mpaka jioni, na waliposikia uamuzi wa kumkataa Nestori na kuikubali sifa ya Mama wa Mungu waliwasindikiza maaskofu kwa mienge hadi mahali walipofikia, huku wanawake wakitangulia na vyetezo vya uvumba.

Sifichi kwamba Mtaguso huo, yaani mkutano huo mkuu wa maaskofu, ulikuwa na ugomvi mwingi. Sirili aliufungua kabla Yohane wa Antiokia na maaskofu wake hawajawasili, na pande hizo mbili hazikupatana hadi mwaka 433. Hata hivyo uamuzi wenyewe ulisimama, na ukiuchunguza utaona kwamba ni uamuzi juu ya Kristo. Maria alipewa sifa hiyo ili ukweli juu ya Mwanae usipotee. Hapo ndipo ilipo mizizi ya ibada yetu yote, na mtu akiikata, majani yanaweza kubaki mabichi kwa siku kadhaa, lakini mti umekwisha kufa.

Waamini wa kawaida hawakuwa wamengoja ruhusa ya Mtaguso. Aleksanda, askofu mwingine wa Aleksandria, alikwisha kumwita Maria Mama wa Mungu katika barua yake ya mwanzoni mwa karne ya nne, bila kulieleza jina hilo, kama mtu anavyotumia neno ambalo wasomaji wake wanalijua tayari. Na huko Misri kilipatikana kipande cha mafunjo, ambacho sasa kimehifadhiwa Manchester, chenye maneno ya Kigiriki ya sala ambayo tunaisali hadi leo: «Tunaukimbilia ulinzi wako, Mzazi Mtakatifu wa Mungu.» Wapo wataalamu wanaokiweka kipande hicho katika karne ya tatu, na wapo wanaokisogeza mbele zaidi. Mimi kinachonigusa ni sauti ya sala yenyewe. Haikutungwa na mtu aliyekaa darasani. Ni kilio cha watu walio hatarini, wanaojua kwamba aliyemzaa Mungu hawezi kuwapa kisogo wale ambao Mungu huyo alikuja kuwatafuta.

Tuitazame sasa Salamu Maria polepole, kwa maana ni sala tunayoiharibu kwa kuizoea. Nusu yake ya kwanza haiombi chochote. Inaanza na maneno ya malaika Gabrieli katika sura ya kwanza ya Injili ya Luka, aya ya 28, kisha inaunganisha maneno ya Elizabeti katika aya ya 42, aliyoyasema, kama Luka anavyoandika, akiwa amejazwa Roho Mtakatifu. Kwa karne nyingi Wakristo wa Magharibi waliosali sala hii waliishia hapo. Jina la Yesu liliongezwa baadaye, na ombi linalofuata likapata umbo tulilonalo katika kitabu cha sala cha makasisi kilichotolewa na Papa Pio V mwaka 1568. Kwa hiyo mtu anayesema «Salamu Maria, umejaa neema, Bwana yu nawe» hajatunga sifa zake mwenyewe. Anarudia kile ambacho Mungu alimtuma malaika kukisema. Kama kumsifu Maria ni kosa, basi kosa hilo lilianzia mbinguni.

Katikati ya sala, pale nusu ya kwanza inapokwisha na ya pili inapoanza, limesimama jina la Yesu. Papa Yohane Paulo II, katika barua yake ya tarehe 16 Oktoba 2002 juu ya Rozari, yaani sala ya kurudia Salamu Maria kwa kufuata shanga, alieleza kwamba jina hilo ndilo kitovu cha sala nzima na ndilo linaloziunganisha nusu zake mbili, akasikitika kwamba wasalio kwa haraka hulipita bila kulisikia. Ndugu zangu, jambo hili linatuhusu. Nimesikia mara nyingi jinsi upande mmoja unavyoanza «Maria Mtakatifu» kabla upande wa pili haujamaliza kulitamka jina la Bwana. Si dhambi kubwa, lakini ni dalili: tumefika mahali pa kumkuta Kristo, tukamkanyaga tukipita.

Halafu linakuja ombi. Hatumwambii Maria atusamehe dhambi zetu, kwa maana anayesamehe dhambi ni Mungu. Tunamwambia atuombee «sisi wakosefu», yaani tunajitaja kwa jina letu halisi mbele ya mwanamke asiye na dhambi, na hatuogopi. Tena tunataja nyakati mbili tu, «sasa na saa ya kufa kwetu». Tungeweza kutaja mavuno, safari, mitihani, ndoa na magonjwa. Sala imeyaacha yote hayo na kushika nyakati mbili ambazo hakuna mtu anayeweza kuzikwepa, na ambazo kwa kila mmoja wetu siku moja zitakuwa wakati mmoja.

Ndugu zetu Wakristo wengine hutuuliza, na wana haki ya kuuliza, kama Yesu mwenyewe alimpa mama yake heshima ya namna hii. Wanatukumbusha kwamba alipoambiwa mama yake na ndugu zake wako nje wanamtafuta, aliwatazama waliomzunguka akasema kwamba yeyote afanyaye mapenzi ya Mungu ndiye ndugu yake na dada yake na mama yake. Wanatukumbusha pia mwanamke yule aliyepaza sauti katikati ya mkutano akiwaita heri tumbo lililomzaa Yesu na matiti aliyonyonya, naye Yesu akamjibu kwamba afadhali waitwe heri wale wanaolisikia neno la Mungu na kulishika. Aya hizi tusizikwepe. Binafsi naziona ni miongoni mwa aya bora kabisa za kumwelewa Maria, mradi tumwachie Luka aendelee kusema, kwa maana Luka huyohuyo ndiye aliyekwisha kuandika kwamba Elizabeti alimwita Maria heri kwa sababu alisadiki, na ndiye aliyesema mara mbili kwamba Maria aliyaweka mambo hayo moyoni mwake. Yesu hakumwondolea mama yake heri. Alionyesha heri hiyo inakaa wapi. Mtakatifu Augustino aliliona hilo vizuri alipofundisha kwamba Maria alikuwa na heri zaidi kwa kuipokea imani ya Kristo kuliko kwa kuuchukua mimba mwili wa Kristo. Kama angekuwa mama kwa damu tu, tungemheshimu kama tunavyowaheshimu mama wa watu mashuhuri, na hapo ingekwisha. Tunamheshimu kwa namna nyingine kwa sababu alikuwa mfuasi wa kwanza, aliyelisikia Neno mpaka Neno akatwaa mwili ndani yake.

Ufuasi huo unaonekana wazi Kana ya Galilaya. Divai imekwisha arusini. Maria hamwambii Mwanae la kufanya, wala hampi maelezo marefu. Anasema maneno mawili tu: «Hawana divai.» Anataja upungufu, na upungufu wenyewe si wake. Jibu analolipata halina upole wa kawaida, kwa kuwa Yesu anamwambia saa yake haijawadia. Naye habishani, wala haondoki. Anawageukia watumishi na kuwaambia wafanye lolote atakalowaambia, na hayo ndiyo maneno ya mwisho ya Maria yaliyoandikwa katika Injili zote nne. Kisha mwinjili anatuonyesha mitungi sita ya mawe iliyowekwa kwa ajili ya desturi ya kutawadha ya Wayahudi, watumishi wakiijaza maji mpaka juu kabisa, wakichota na kumpelekea mkuu wa meza. Maria hatajwi tena mpaka muujiza umekamilika. Hakuna aliyemshukuru, na mkuu wa meza alimsifu bwana arusi. Hivi ndivyo Kanisa linavyoelewa maombezi yake: anayaona mahitaji kabla hayajageuka kuwa aibu, anayapeleka kwa Mwanae, anatuelekeza kumtii, kisha anasogea pembeni.

Lakini je, Paulo hakumwandikia Timotheo kwamba mpatanishi kati ya Mungu na wanadamu ni mmoja, naye ni Kristo Yesu? Aliandika, na Kanisa Katoliki linaamini hivyo bila kupunguza neno. Katika sura hiyohiyo, mistari michache kabla, Paulo anaagiza dua na maombezi yafanyike kwa ajili ya watu wote. Hakuona kwamba Mkristo anayemwombea mwenzake anamnyang'anya Kristo nafasi yake. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulieleza kwamba kila msaada wa Maria kwa wanadamu unabubujika kutoka katika wingi wa mastahili ya Kristo, unategemea upatanisho wake, na unachota nguvu zake zote humo.

Hapa naomba mniruhusu nisimame kwa muda, kwa sababu kuna kosa linaloniumiza. Kuna picha iliyoenea katika mioyo ya waamini wengi wema, picha ya Mwana mkali aliyekwisha kuinua mkono kuiadhibu dunia, na mama mpole aliyeushika mkono huo asiuache ushuke. Anayesali na picha hiyo moyoni humkimbilia Maria kwa sababu anamwogopa Yesu. Ndugu zangu, huko ni kumdhulumu Bwana, na ni kumdhulumu mama yake pia. Yesu ndiye aliyemgusa mwenye ukoma, ndiye aliyelia kaburini kwa Lazaro, ndiye aliyewaombea msamaha waliokuwa wakimgongomea misumari. Maria hakumfundisha Mungu huruma. Huruma yote aliyo nayo aliipokea, naye mwenyewe aliimba kwamba rehema za Mungu hudumu kizazi hata kizazi kwa wanaomcha. Tunamwendea kwa kuwa yu karibu na Mwanae, si kwa kuwa Mwanae yu mbali nasi.

Maaskofu wa Mtaguso huo wa Pili wa Vatikano waliihisi hatari hii. Tarehe 29 Oktoba 1963 walipiga kura kuamua kama Maria aandikiwe hati ya peke yake au awekwe ndani ya hati juu ya Kanisa. Kura 1,114 zilitaka awemo katika hati ya Kanisa, na 1,074 zilikataa, tofauti ya kura 40 katika ukumbi wa maaskofu zaidi ya elfu mbili. Wengi walidhani Maria ameshushwa. Mimi naamini siku ile alirudishwa nyumbani. Hati ya Lumen Gentium ilipopitishwa, tarehe 21 Novemba 1964, kwa kura 2,151 dhidi ya 5, sura yake ya nane na ya mwisho ilimweleza Maria kama kiungo cha Kanisa kilicho bora kuliko vyote, aliyekombolewa kwa namna ya juu kabisa, lakini aliyekombolewa. Sura hiyo inawaonya wahubiri wajiepushe na kumtukuza kupita kiasi na pia na ufinyu wa moyo katika kumheshimu, na inasema kwamba ibada ya kweli haimo katika hisia tasa zinazopita, wala katika wepesi wa kuamini mambo ya ovyo. Siku hiyohiyo Papa Paulo VI alimtangaza Maria kuwa Mama wa Kanisa.

Njia hiyo haijaachwa. Mwezi Novemba 2025 Dikasteri ya Mafundisho Tanzu ya Kanisa, idara ya Vatikano inayosimamia mafundisho ya imani, ilieleza kwamba sifa ya «Mkombozi Mwenza» haifai kutumiwa kueleza ushirikiano wa Maria katika kazi ya ukombozi, kwa kuwa inaweza kufifisha upatanisho wa pekee wa Kristo. Wapo waliohuzunika, nami naheshimu upendo ulio chini ya huzuni hiyo. Lakini yule aliyejiita mtumishi wa Bwana hapungukiwi kitu tunapokataa kumpa nafasi ambayo hakuwahi kuidai.

Juu ya mafundisho makuu mawili ya nyakati za karibuni sitasema mengi. Mwaka 1854 Papa Pio IX alitangaza kwamba Maria alikingiwa dhambi ya asili tangu nukta ya kwanza ya kutungwa kwake mimba, kwa kutazamia mastahili ya Yesu Kristo. Maneno hayo ya mwisho ndiyo uzito wa fundisho zima, kwa sababu yanasema Maria naye aliokolewa na Mwanae, ila yeye aliokolewa kwa kukingwa na sisi tunaokolewa kwa kuoshwa. Mwaka 1950 Papa Pio XII alitangaza kwamba Maria alipalizwa mbinguni mwili na roho, na kwa fundisho hilo tunayaona tayari ndani ya mmoja wetu yale tunayoyakiri katika Kanuni ya Imani tunaposema tunaamini ufufuko wa miili.

Yako pia matokeo, yaani nyakati ambazo inasadikiwa Bikira Maria aliwatokea watu: Guadalupe mwaka 1531, Lourdes mwaka 1858, Fatima mwaka 1917, na Kibeho nchini Rwanda, ambako matokeo yalianza mwaka 1981 na askofu wa Gikongoro akayatambua mwaka 2001. Katekisimu inafundisha kwamba mafunuo ya namna hii hayaongezi wala hayakamilishi ufunuo wa Kristo. Kazi yake ni kutusaidia kuuishi katika wakati fulani. Tazameni Lourdes. Bernadette Soubirous alikuwa msichana wa miaka 14, wa familia maskini, mwenye pumu, ambaye bado alikuwa hajapokea Komunyo ya kwanza. Aliambiwa anywe katika chemchemi ambayo haikuonekana, akakwangua udongo wa pango kwa mikono yake, akayanywa yale maji ya tope mpaka waliokuwapo wakadhani amerukwa na akili. Baadaye aliingia utawani Nevers, mbali na umati, akawauguza wagonjwa naye mwenyewe akiugua. Na leo anayefika Lourdes hukuta maungamo, maandamano ya Ekaristi na wagonjwa waliowekwa mbele. Tunda la aina hiyo ndilo linalotupa utulivu. Kinyume chake ni ujumbe unaozunguka kwenye simu ukidai Bikira Maria ametaja tarehe ya giza kuu, na kwamba asiyewatumia wengine kumi atapatwa na msiba. Hilo ni tisho, na tisho halitoki kwa Mama wa Mungu. Ufuteni ujumbe huo bila hofu yoyote. Tangu Mei 2024 Kanisa lina kanuni mpya zinazowaongoza maaskofu kuchunguza mambo haya, na kwa kawaida linatosheka kusema kama kuna kizuizi au hakuna, bila kutangaza kwamba tokeo lenyewe ni la kimungu.

Tofautisheni hofu hiyo na wimbo wa Maria mwenyewe. Kila jioni, katika Masifu ya Jioni, Kanisa huimba maneno yake: wakuu wameangushwa katika viti vyao vya enzi, wanyonge wamekwezwa, wenye njaa wameshibishwa mema, wenye mali wameondolewa mikono mitupu. Tumezoea kumchora Maria akiwa ameinamisha macho, nasi tukasahau kwamba kinywa chake kilitoa maneno haya. Paulo VI, katika waraka wake Marialis Cultus wa mwaka 1974, alimweleza kama mwanamke aliyejua umaskini na mateso, ukimbizi na uhamisho, asiyesita kutangaza kwamba Mungu ni mtetezi wa wanyonge. Mwaka 2020 Papa Fransisko aliongeza katika Litania ya Bikira Maria maombi matatu mapya, na mojawapo linamwita kitulizo cha wahamiaji, jambo linalomfaa sana mama aliyevuka mpaka usiku akiwa amembeba mtoto anayetafutwa auawe. Kwa hiyo anayepamba sanamu yake kwa maua na kumfukuza mkimbizi mlangoni pake hajamwelewa aliyempambia.

Wimbo huu ni daraja kati yetu na wengine. Martin Luther aliufafanua kwa upendo mkubwa mwaka 1521, wakati mgogoro wake na Roma ukiwa umekwisha kuwaka. Waorthodoksi humwimbia Mama wa Mungu kwa wingi na uzuri unaotupita. Nanyi ndugu zetu Waislamu mlioko hapa mnajua kuwa sura ya 19 ya Kurani Tukufu inaitwa Maryam. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la tarehe 28 Oktoba 1965, uliitaja kwa shukrani heshima mnayompa. Hatusemi mamoja juu ya Mwanae, na adabu haitutaki tujifanye tunasema mamoja. Lakini binti wa Nazareti ametukalisha pamoja leo jioni, nami namshukuru Mungu kwa hilo.

Penye msalaba Injili ya Yohane inamwonyesha Maria amesimama. Mzee Simeoni alikwisha kumtabiria, Yesu akiwa bado mtoto mchanga, kwamba upanga utaupenya moyo wake, na sasa umefika. Yesu anamkabidhi mwanafunzi kwa mama na mama kwa mwanafunzi, na mwinjili anaongeza kwamba tangu saa ile mwanafunzi akamchukua nyumbani kwake. Kanisa limeiona ibada yake yote katika tendo hilo la mwanafunzi: hakubuni uhusiano na Maria, alipewa akaupokea, na aliyempa ni Bwana aliyekuwa akikata roho. Kisha Matendo ya Mitume yanamtaja mara moja tu, katika chumba cha juu, akidumu katika sala pamoja na mitume kabla ya Pentekoste. Ndiyo maana mwaka 2018 Papa Fransisko aliagiza kumbukumbu ya Maria Mama wa Kanisa iadhimishwe Jumatatu baada ya Pentekoste kote duniani.

Nimalizie na Rozari, kwa kuwa mtaondoka hapa mkiwa nayo mikononi. Paulo VI aliandika kwamba Rozari isiyo na tafakari ni mwili usio na roho. Midomo inarudia ili moyo upate nafasi ya kutazama matendo, yaani matukio matakatifu tunayoyatafakari, ya furaha, ya mwanga, ya uchungu na ya utukufu, ambayo karibu yote ni maisha ya Bwana wetu. Yohane Paulo II alipendekeza kwamba baada ya kulitaja tendo lisomwe Neno la Mungu linalohusika, kisha tukae kimya kwa muda kidogo kabla ya kuanza kusali. Naomba tulijaribu jambo hilo katika familia zetu kuanzia wiki hii. Kwa tendo la kwanza la furaha someni Luka sura ya kwanza, aya ya 26 hadi 38, na anayesoma awe mmoja wa watoto. Kwa tendo la pili la mwanga someni Yohane sura ya pili, tangu aya ya kwanza hadi ya 11. Muda usipotosha kusali matendo yote matano hivyo, salini mawili, na jina la Yesu lisikike kila mara linapotajwa.

Asanteni sana kwa kunisikiliza, na sasa nitapokea maswali yenu.